Gunia Lenye Uzito wa Edwin Tolley

Usiku wa jana niliota nikiwa katikati ya mshono. Nilivyouanza sikumbuki. Nilijikuta tu nimepiga goti kwenye ua wa mawe, shazia, ile sindano ndefu ya magodoro, mkononi, uzi wa katani mdomoni, nashona mdomo wa gunia la mchanga, na gunia lenyewe linaniomba nisilibane sana shingoni.

"Shingoni wapi?" niliuliza. "Wewe ni gunia."

"Leo ni gunia," lilisema. "Kesho ni shingo."

Mimi ni fundi magodoro. Nashona magodoro ya usumba wa nazi na ya pamba pale Pangani, na kazi hii sikufundishwa na mtu. Nililifumua godoro la mama yangu, nikalitazama lilivyo ndani, nikalishona tena. Tangu hapo nimezoea kusikiliza kitu kabla ya kukitia sindano, kwa hiyo gunia halikunishangaza. Nililegeza uzi kidogo, nikaliuliza tuko wapi.

Lilisema tuko Uingereza, gerezani, na kwamba lina uzito sawasawa na mtu aitwaye Edwin Tolley. Ndiyo desturi ya kule, lilieleza. Kabla ya kumnyonga mtu wanajaza gunia mchanga mpaka lilingane naye, wanalifunga kamba, wanaliangusha, kisha wanaliacha lining'inie mpaka asubuhi ili kamba ivutike kabisa, isije ikawaaibisha mbele ya wakubwa. Lilieleza haya kwa sauti ya mtu anayekuelekeza njia ya sokoni.

Jina la Edwin Tolley nililijua. Kwetu hata watoto wadogo wanalijua. Ndiye aliyemuua Babu Hatibu.

Babu Hatibu alikuwa kaka wa babu yangu. Alikwenda na meli za makaa, kazi yake kuchochea moto chini kabisa ya meli, akafia katika mji mmoja wa bandari huko Uingereza, kichochoroni nyuma ya nyumba aliyopanga, usiku mmoja wa baridi kali. Tolley, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasha taa za mitaa ile, alikamatwa, akahukumiwa, akanyongwa. Baharia mmoja mwenziwe Babu alituletea saa ya mfukoni ya marehemu, mfuniko umebonyea, kioo kimepasuka, imesimama.

Kila mwaka tunamsomea hitma. Dua ikishaisha, Shangazi Mwamvita, ambaye sasa ndiye mkubwa wetu, anasimulia kisa chote tangu mwanzo, na siku zote anamalizia kwa maneno yale yale: aliyemuua alinyongwa, na sisi tukaridhika. Watu wanaitikia, sinia zinaletwa. Hitma ya mwaka huu ni kesho.

"Huyo alishanyongwa zamani," nililiambia gunia. "Mbona unajazwa leo?"

"Jaji alisema anyongwe mpaka afe. Hakusema mara ngapi. Kila mwaka, Bi Mwamvita akishasema mmeridhika, sakafu ya huku inafunguka. Mimi naanguka siku moja kabla, yeye anafuata."

Nilikata uzi kwa meno. Nilikuwa nimekwisha kufunga fundo zuri, nikalitazama, nikatamani nisingelifunga.

Tolley alikuja kupimwa. Alikuja peke yake, bila askari, kwa kuwa njia alishaizoea. Alikuwa mtu mwembamba, masharubu yamepigwa chanuo, kola imefungwa mpaka juu. Shingo yake ilikuwa imerefuka kwa kunyongwa kila mwaka, ikambidi ainame kupita mlangoni. Alipanda upande mmoja wa mizani, mimi nikalipandisha gunia upande wa pili. Mizani ikatulia. Wote wawili wakanitazama.

"Wewe ni wa kwa Hatibu," Tolley alisema. Alisema Kiswahili cha Pangani, kama watu wote huko. "Una masikio yake. Pole na msiba."

Nilimshukuru. Ni tabu kidogo kupewa pole na mtu ambaye umelelewa ukimlaani, lakini pole ni pole.

"Sikumuua," alisema. "Nimeyasema haya mpaka maneno yenyewe yamechakaa. Siku hizi nasema habari za asubuhi tu."

Nilimwomba anieleze pole pole, na asiruke kitu. Alieleza. Ugomvi ulikuwapo, hilo hakulikana. Babu Hatibu alilalamika kwamba taa ya mtaani inaingia dirishani mwake, hapati usingizi. Tolley, ambaye alikuwa ameshakunywa, akamjibu mbele ya watu kwamba atamzima yeye kabla hajaizima taa. Hiyo ilikuwa saa mbili ya usiku. Baada ya hapo akaendelea kunywa, na ilipofika saa nne polisi wakamwokota barabarani wakamfungia mpaka asubuhi kwa ulevi.

"Sasa ungemuuaje ukiwa ndani?"

"Alipouawa nilikuwa bado niko nje. Ndivyo walivyosema. Saa yake ilivunjika alipoanguka, na akrabu ndogo, ule mshale wa saa, ikasimama kwenye nane. Kwa hesabu ya saa zetu, nane ndiyo ile mnayoiita saa mbili. Saa ile ile niliyomtishia. Wakafunga kesi, wakaenda kula."

Sikumwambia kwamba namwamini. Mtu aliye juu ya mizani ile aweza kusema lolote. Wala sikumwambia kwamba simwamini. Nilimsaidia kushuka.

Kamba iliyojikunja ukutani ilikohoa. Ilisema na yenyewe ni ya Tanga, katani ya kwetu kabisa, na imefurahi kuona mtu wa nyumbani. Nikaiuliza inasemaje juu ya mambo haya. Ikajibu kwamba yenyewe haina upande, inabeba tu inachofungiwa. Nilisema hayo ndiyo wanayosema wote wanaonyonga. Kamba haikupenda. Ilijikunja ikatazama ukuta.

"Iko njia," gunia lilisema kwa sauti ya chini. "Shaka akiingia mahakamani kabla kitambaa cheusi cha kuhukumia kifo hakijatua kichwani mwa jaji, hanyongwi mtu. Wala mimi siangushwi. Nibebe, nikuoneshe."

Nililitia begani. Kubeba gunia lenye uzito wa mtu mzima ni kazi, na ni kazi zaidi likiwa linakuambia kata kushoto, kata kulia.

Naondoka uani, na ua unakwisha. Niko kwenye ukumbi mrefu wenye harufu ya makoti mabichi. Nje mvua inanyesha ile mvua yao nyembamba isiyo na haraka. Kwenye benchi kando ya mlango mkubwa amekaa bata. Ni bata mdogo, wa rangi ya majivu, amelowa chapachapa. Pembeni yake amesimama bawabu aliyeshika fremu ya mbao kama ya dirisha.

"Huyu ndiye Shaka," bawabu alisema. "Yupo hapo tangu siku ya kesi."

"Mbona haingii?"

"Sheria inataka shaka lenye ukubwa wa maana." Alimwekea bata ile fremu. Bata akasimama katikati, na nafasi iliyobaki ungepitisha sinia ya pilau. "Umeona mwenyewe. Huyu ni wa kuchezea watoto."

Nilimuuliza bata kwa nini hakui.

"Silishwi," alisema. Alikuwa na sauti kavu, na hakuonekana kujihurumia. "Chakula changu ni neno la kweli lililosemwa na mtu asiyetaka kumsaidia mshitakiwa. Maneno ya Tolley nimeyala sana. Yanapita tu, hayabaki mwilini."

"Maneno ya mama yake?"

"Vivyo hivyo. Yana chumvi tu."

Nilimwomba bawabu aache mlango wazi, angalau bata asikie. Alifikiri sana. Akasema sheria hairuhusu jambo hilo, na haikatazi, kwa hiyo atatazama upande mwingine. Akatazama upande mwingine.

Mahakama ilikuwa baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri. Juu kabisa, kwenye kiti cha jaji, palikuwa na wigi jeupe lililovikwa juu ya gogo. Lilikuwa peke yake, bila mtu chini yake, na kila mtu alikuwa akiliinamia. Upande wa kulia, mahali pa wale waamuzi kumi na wawili wanaoamua kama mtu ana hatia, palikuwa na mabirika kumi na mawili ya bati, yamepangwa safu mbili. Gunia lilininong'oneza kwamba ni sheria ya zamani: waamuzi hawapewi moto mpaka wakubaliane.

"Sisi tumeshakubaliana," birika moja lilisema, kifuniko chake kikigongagonga kwa baridi.

"Mmekubaliana nini?" niliuliza.

"Chochote. Waambie walete moto."

Tolley alikuwa kizimbani. Mikononi amekumbatia furushi kubwa kupita yeye, limefungwa kamba pande zote. Nilidhani ni nguo zake. Kumbe ni mzigo wa kuthibitisha, ule ambao sheria inasema ni wa mwendesha mashitaka. Mwendesha mashitaka, bwana mmoja mnene mwenye joho na mikono mitupu, aliponiona nautazama, alieleza kwa upole kwamba amemwomba mshitakiwa amshikie mara moja.

"Mara moja ya tangu lini?" nilimuuliza Tolley.

"Tangu kesi ilipofunguliwa," alisema Tolley. "Sikutaka kuonekana sina adabu."

Shahidi aliyeitwa alikuwa saa ya Babu Hatibu. Naijua saa ile kuliko ninavyoujua uso wangu. Naihifadhi kwenye mtoto wa meza ya cherehani, ile droo yake ndogo, imefungwa kwa pamba safi. Ilipanda pale pa kusemea kwa mnyororo wake, iliponiona ikajifanya hainijui.

Mwendesha mashitaka aliiuliza akrabu yake ndogo iko wapi. Ikajibu kwenye nane.

"Na akrabu ikiwa kwenye nane, ni saa ngapi?"

"Kwa nani?" saa iliuliza.

Wigi lilipiga chafya. "Shahidi haulizi," lilisema. "Andika kwamba amejibu."

Mwendesha mashitaka akasema hana swali jingine. Mabirika yakashangilia, kwa kuwa kila neno lililokwisha lilikuwa linayasogeza karibu na jiko.

Nilisimama, gunia begani. Nikasema nina swali kwa saa ile, nalo ni hilo hilo ililouliza yenyewe. Wigi likataka kujua mimi ni nani. Nikasema mjukuu wa mdogo wake marehemu.

"Jamaa wa marehemu anaruhusiwa kulia," wigi lilisema. Bawabu akaniletea kitambaa cha mkononi kilichopigwa pasi.

"Nitalia baadaye, mheshimiwa. Kwanza niulize."

"Kulia ni sasa. Kuuliza hakumo."

Nikakirudisha kitambaa kwa mikono miwili, nikageuka kutafuta pa kukaa, na hapo namwona Shangazi Mwamvita. Amekaa kwenye benchi la watazamaji kama aliyezaliwa hapo, kanga mbili, miwani kwenye ncha ya pua, anasuka ukili wa mkeka. Vidole vyake havisimami. Ukili umeshateremka ngazi, unaelekea mlangoni.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Shekue, mbona umebeba mchanga wa muuaji begani? Huna kazi nyumbani?"

Nilisema kazi ninayo. Nikaliweka gunia chini, nikakaa karibu yake. Nilijua nikimwambia ninachokitafuta, neno lake litakuwa limeshatiwa doa, bata hatalila. Na Shangazi huwezi kumhoji, lakini unaweza kumwacha asimulie. Kwa hiyo nilimwomba kitu kimoja tu, anisimulie saa ile ya Babu Hatibu. Sehemu hiyo kwenye hitma huwa anaipitia haraka, sinia zikiwa zimeshaanza kunukia.

Alipandisha sauti ili kizimbani wasikie. Alitaka Tolley aone haya. Akasema Hatibu hakuwa mtu wa ovyo, hakupitwa na magharibi hata siku moja. Hata chini kule kwenye moto alikuwa akiwauliza walio juu kama jua limezama. Akiambiwa limezama, anatoa saa, anaifungua, analeta akrabu zote mbili juu kabisa kwenye kumi na mbili, kama walivyofanya wazee wote wa pwani, ndipo anatawadha. Hayo alituletea baharia yule yule aliyeleta saa.

"Na hata huko kwenu," Shangazi alimwambia Tolley, sasa akimnyooshea ukili. "Jua lenu la baridi linazama mchana kweupe, saa kumi, watu bado wako makazini. Wenziwe wakamwambia, Hatibu, acha hayo, hii si nchi yako. Akasema jua ni lile lile. Kila siku anaivuta saa yake, kila siku mnamcheka. Mtu wa namna hiyo ndiye uliyemuua, mwasha taa wewe."

Vifuniko vya mabirika viliacha kugonga.

Kutoka mlangoni ilisikika sauti ya bata akimeza.

Nilihesabu kwa vidole. Jua limezama saa kumi, ndipo akrabu zimeletwa juu. Kutoka hapo akrabu ndogo imetembea saa nane nzima, mpaka kwenye nane. Hiyo ni saa sita ya usiku, na saa sita ya usiku Tolley alikuwa amelala chini ya ufunguo wa polisi. Nilihesabu tena, maana mara ya kwanza mtu huhesabu anachokitaka. Ikatoka vile vile.

Nilisema hesabu ile kwa sauti, nikiwa nimekaa, kwa kuwa kukaa kulikuwa kumeruhusiwa. Kisha nikasema na upande wa pili, kwa sababu nao ulikuwapo. Huenda siku ile palikuwa na wingu, Babu asijue jua limezama lini. Huenda alishachoka kuchekwa, akaitega saa kama wenyeji. Ikiwa ni hivyo, nane ni nane yao, na Tolley alikuwa nje.

Gunia lilinisukuma mguuni. "Wewe unamsaidia nani?"

"Simsaidii mtu. Nahesabu."

Bata alimeza tena. Bawabu aliyekuwa akitazama upande mwingine aligeuka, akaweka fremu. Bata alikuwa amekua sana, shingo ndefu, kifua kama cha bata mzinga. Bawa moja liligusa mbao. La pili halikugusa.

"Bado," bawabu alisema. Safari hii alisema kwa masikitiko kidogo.

Wakati huo huo mtu asiyeonekana alikuwa ameleta moto. Mabirika yaliuona. Yote kumi na mawili yakasema ana hatia, kwa sauti moja, kabla mtu hajayauliza. Hapo droo ya meza ya jaji ikafunguka yenyewe, na kitambaa cheusi kikatoka. Ni kitambaa cha mraba, si kikubwa, mfano wa leso. Kilijikunjua hewani, kikapanda mpaka karibu na dari, kikaanza kuteremka taratibu kuelekea kwenye wigi.

"Kikishatua juu yangu siwezi kusema jingine," wigi lilisema, na niliona nyuzi zake zinatetemeka. "Yatakayonitoka yatakuwa yake."

Chini ya Tolley sakafu ililia kama kitanda cha zamani. Yeye alifunga kifungo cha kola ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Sina hakika nilipita wapi. Nipo juu ya meza ya jaji, viatu vyangu kwenye wino, na pembe ya kitambaa cheusi iko mkononi mwangu. Ni kizito. Kinavuta kama samaki. Nyuma ya wigi kuna pazia jekundu, nene, la kitambaa ambacho mtu angekitamani kwa makochi. Natia uzi kwenye shazia na kuanza kukishona kitambaa kwenye pazia.

"Fundi," kitambaa kilisema, "nami nafanya kazi yangu."

"Na mimi yangu."

"Yako ni magodoro."

"Nimepata ya haraka."

Nilipiga mshono wa mdomo wa godoro, ule unaorudi nyuma kila mara kabla ya kwenda mbele. Unachosha mkono, na haufumuki kwa kuvutwa. Kitambaa kilivuta, pazia likavuta, mimi nikavuta zaidi. Shazia ilinichoma kidole nikaendelea. Kilipotulia kilikuwa kimebaki kama shubiri moja juu ya wigi, kimening'inia hapo, kinapumua.

Wigi lilishusha pumzi ndefu iliyotoa vumbi. Kisha likaniuliza, kwa sauti yake lenyewe, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuitumia.

"Je, wewe mtu wa marehemu unasema huyu hakumuua?"

Watu wote wakanitazama. Tolley alinitazama kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Ningesema ndiyo, pengine mambo yangeisha. Lakini neno hilo sikuwa nalo, na bata alikuwa akisikiliza.

"Sijui, mheshimiwa. Nasema sisi tuliridhika kabla hatujauliza."

Tolley aliinamisha kichwa. Nilidhani nimemuua mwenyewe. Lakini bata alimeza lile "sijui" zima, akatikisika kuanzia mkia, na bawabu akaweka fremu bila kuambiwa. Bawa la kwanza liligusa. La pili lilisogea, likasogea, likasimama.

"Bado unene wa unyoya," bawabu alisema.

Wigi likageuka juu ya gogo lake mpaka likaelekea kwenye benchi la watazamaji.

"Na wewe, mkubwa wa ukoo. Wewe unajua?"

Sijawahi kumwona Shangazi Mwamvita akisimamisha ukili katikati. Alisimamisha. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa. Kisha akaanza kusema yale maneno yake, kwa sauti ile ile ya hitma.

"Aliyemuua alinyongwa, na sisi..."

Sakafu ikafunguka ufa. Gunia likajikaza. Nilisikia kamba ya Tanga ikijinyoosha mahali fulani nyuma ya ukuta.

Shangazi alimtazama Tolley, shingo ile, masharubu yale yaliyochanwa. Alimtazama kama anavyotazama mshono wangu kabla ya kulichukua godoro. Kisha akatazama vidole vyake.

"Kesho," alisema. "Nitamalizia kesho, mbele ya watu wangu."

Ufa haukuziba, wala haukupanuka. Wigi lilisema mahakama inaahirishwa mpaka kesho. Mabirika yalitolewa nje yakiwa baridi, yakinung'unika kwamba kwa nchi nyingine chai ingekuwa imeshachemka. Nilikwenda kizimbani nikalishika furushi lile pamoja na Tolley, tukalibeba mpaka kwa mwendesha mashitaka, tukamwekea mikononi. Magoti yake yakapinda mara moja. Alisema hakujua lina uzito huo. Tolley alinyoosha mikono mbele yake, akaikunja, akainyoosha tena, kama mtu anayejaribu shati jipya.

"Kitambaa hakitakaa hapo siku zote," aliniambia.

"Najua. Mshono huu wa siku moja. Nitarudi na uzi mnene."

"Na yule bibi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba Shangazi hajawahi kubadili neno katika kisa kile tangu nikiwa natambaa, na kwamba hata hivyo nitakaa karibu yake. Akasema haya. Akaongeza habari za asubuhi, kwa mazoea.

Bata alikuwa bado kizingitini. Alinyonyoa unyoya mmoja kutoka kifuani kwake, akauchukua kwa mdomo, akanyoosha shingo yake ndefu mpaka pale pa kusemea ilipokuwa saa ya Babu Hatibu, akauweka chini ya mfuniko.

"Nisije nikaambiwa kesho kwamba sikuwapo," alisema.

Saa ikajifunga, tik. Mlio huo ndio ulioniamsha.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Kidole changu cha shahada kilikuwa kinauma, lakini kidole cha fundi magodoro kinauma kila siku, kwa hiyo hilo sikulitia maanani. Niliswali, nikanywa chai, nikafungua kazi. Kazi yenyewe ni godoro la barazani kwa Shangazi, la kukalia wageni wa hitma. Nilikuwa nimebakisha mdomo. Nilishona upande mmoja, nikafika katikati, na mkono ukakataa kuendelea kabla sijaitazama saa.

Nilivuta mtoto wa meza ya cherehani. Pamba ilikuwa imefungwa kama nilivyoifunga mimi mwaka jana baada ya hitma, na fundo langu. Nikalifungua. Nikafungua na mfuniko wa saa. Akrabu ndogo ilikuwa kwenye nane, pale pale ilipokuwa siku zote.

Juu ya kioo kilichopasuka palikuwa na unyoya mdogo wa rangi ya majivu. Niliugusa. Ulikuwa umelowa, na Pangani haijanyesha tangu mwezi uliopita.

Niliufunika. Muda si mrefu Shangazi Mwamvita akapiga hodi kuulizia godoro lake. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye kigoda bila kutoa ukili wake kapuni, jambo ambalo si kawaida yake. Nilimwambia limebaki kidogo, nitalimaliza kesho asubuhi mapema, kisha nitalileta mwenyewe pamoja na saa.

Alitazama ule upande nilioushona.

"Kesho ukae karibu yangu, Shekue," alisema.

Nikasema nitakaa. Alipokwisha kwenda niliichomeka shazia kwenye godoro, uzi mnene umeshatiwa, na mdomo wake nikauacha wazi.